Aliye Juu Haitwi

"Huyo ni wewe..."

"...si mimi, na usinielekezee kidole mbele ya..."

"...ni wewe, tazama mabega! Nani mwingine mji huu ana mabega ya mtu aliyevaa shati na hanga lake..."

"...mabega yangu na yako yametoka tumbo moja, Faki, tena siku moja, sasa unataka..."

"...nataka useme! Sema tu, nilikwenda kwa Fundi Ngwali, nikakaa, nikapigwa picha. Basi."

"Sema wewe kwanza."

"Nitasemaje jambo ambalo sikulifanya?"

"Ehee. Na mimi nitasemaje?"

Tulikuwa tumesimama mbele ya Ukuta, mimi na pacha wangu, asubuhi, jua limeshaanza kuuma shingo, na mbuzi watatu wamejipanga pembeni wanatafuna na kusikiliza kama wazee wa kamati. Picha yenyewe ilikuwa pale, kwenye msumari wa nyumba yetu. Jana msumari ule ulikuwa mtupu. Leo kijana amekaa ndani ya roketi, kichwani amevaa beseni la plastiki lililotobolewa dirisha, mkono mmoja ameuinua anaaga, na nyuma yake dunia nzima, duara la buluu, na mawingu yaliyogongwagongwa kwa sifongo. Sura yangu. Maana yake, sura ya Faki. Tofauti yetu sisi ni moja tu: mimi, Shaame, nina kovu kidevuni, nililipata nilipoanguka kutoka juu ya tangi la maji, na yeye hana. Na kamba ya lile beseni ilikuwa imepita palepale, chini ya kidevu, imekaza vizuri kabisa, kama iliyotumwa.

Kijana yule alikuwa anacheka. Hapo ndipo niliposhikwa na baridi. Mtu akikulilia kwenye picha unaweza kumwambia pole. Lakini anayecheka, tena kwa meno yako mwenyewe, kwa jambo usilolijua, utamwambia nini?

Wewe unayesoma huenda unatoka mji ambao mtu akipiga picha na ndege anabaki kuwa yeye, anakwenda zake sokoni, anagombana bei ya bamia. Kwetu sivyo. Kwetu picha ikishatundikwa Ukutani, mtu kaondoka. Msumari mmoja kila nyumba, na aliyetundikwa ndiye aliye juu. Kikombe chake kinafudikizwa, mdomo chini. Godoro lake linakunjwa. Na jina lake haliitwi tena. Kulitaja kwenye hadithi unaruhusiwa, utasema fulani leo yuko juu ya mawingu ya pamba, fulani kaona mto unang'aa kama nyoka aliyemeza taa. Lakini kumwita, hapana. Aliye juu haitwi. Akiitwa atatazama chini, akitazama chini ataanguka. Hili tumelinyonya na maziwa. Hata mtoto akipanda mnazi, mama yake anasimama chini ameziba mdomo kwa kanga mpaka ashuke.

Na mwili wake je? Niliwahi kuuliza, nikaambiwa niache ukorofi. Mwili unabaki. Mwili unazungukazunguka, unakaa kule kwenye uwanja wa ndege na sanduku lake, na sisi tunaupita kama tunavyopita kivuli cha nguzo. Hatuwachukii watu wale. Hatuwaoni tu. Utamwonaje mtu chini wakati picha yake iko juu? Mmoja kati ya hao wawili lazima awe mwongo, na picha haina mdomo wa kudanganya.

Uwanja wenyewe upo, usidhani natunga. Njia ya kurukia ndege ipo, ndefu, imepasuka, majani yametoka kwenye nyufa. Lile fuko la kitambaa la kuonyesha upepo lipo, limening'inia kama soksi ya mtu aliyekatwa mguu. Ila hakuna kati yetu aliyewahi kuona ndege ikitua pale. Wala ikiruka. Nani aliujenga na alikuwa anamsubiri nani, ukiuliza, watu wanakutazama kama umeuliza nani aliijenga Jumanne.

"Mmemaliza?"

Ilikuwa sauti ya Bi Mkasi, mwenye Ukuta. Yeye ndiye anayepigilia misumari, na yeye ndiye anayefungua barza ya hadithi kila Ijumaa baada ya alasiri. Alikuja na misumari yake mdomoni, kama kawaida yake, imepangwa kwenye midomo kama meno ya ziada, na alikuwa akiongea bila kuitoa.

"Shikamoo, Bi Mkasi," tukasema pamoja.

"Marahaba, pacha. Nani kaondoka?"

"Yeye," tukasema pamoja.

Akatutazama. Mbuzi nao wakatutazama.

"Leo Ijumaa," akasema. "Alasiri mama yenu atakuja na vikombe vyenu viwili. Kimoja kifudikizwe mbele ya watu. Mkishindwa kunambia kipi, navifudikiza vyote, na mji huu hautamwita yeyote kati yenu mpaka mnaingia kaburini. Na hata huko, sijui mtasomewa talakini kwa jina gani."

"Bi Mkasi, si wewe uliyepigilia? Nani kakuletea picha?"

"Naikuta kizingitini. Sijawahi kuuliza."

"Sasa si uulize!"

"Nikianza kuuliza, mwanangu," akasema, na msumari mmoja ukacheza kwenye mdomo wake, "nitamuuliza kila mtu."

Akaondoka. Faki akanitazama na mimi nikamtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumtazama pacha wangu kulikuwa kama kumtazama mtu anayekalia kiti changu.

Jana nilikuwa wapi? Nilikula ndizi. Nililala mchana. Nilimficha Faki kiatu kimoja, kama kawaida, na Faki akanificha mimi kingine. Baina ya kulala na kiatu kuna nini? Kuna pengo. Kila mtu ana mapengo, siku nzima imejaa mapengo, unatoka chumbani unafika uani na hukumbuki mlango. Mlango ule nani aliupita? Sikuwahi kujali. Lakini leo pengo langu lina umbo la roketi, na la Faki pia, na mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kukaa ndani. Nikaitazama picha tena. Imetundikwa leo asubuhi, lakini kingo zake zimeshakuwa njano, kama picha za mababu.

"Twende kwa Fundi," akasema Faki.

Fundi Ngwali tulimkuta studioni anapaka mawingu. Ni mtu mzima mwenye suruali yenye rangi zote duniani isipokuwa ile aliyoinunua nayo. Mapazia yake yalikuwa yameteremshwa, na ukiingia mle ndani lazima usimame kidogo, hata kama umeingia mara mia, kwa sababu macho hayajui yaanze na lipi. Pazia la ndege: dirisha la mviringo, bawa limenyooka, na chini yake mto wa rangi ya chai ya maziwa unajikunja mpaka unapotea. Pazia la puto: puto la mistari myekundu na ya manjano limeelea juu ya bonde, na nyumbu wadogo kama sisimizi wanakimbia wakifuatwa na vivuli virefu kuliko wao. Pazia la gari la waya: kisanduku cha kioo kinaning'inia juu ya korongo, maporomoko yanamwagika, na ukungu unapanda kama mvuke wa sufuria lisilo na mwisho. Na la roketi. Hilo nililitazama kwa pembe ya jicho, kama unavyomtazama mbwa usiyemjua.

"Karibuni, pacha! Au niseme karibu? Sijui nihesabu wangapi."

"Usitutanie, Fundi," akasema Faki. "Ulimpiga nani?"

"Mmoja wenu."

"Yupi?"

"Aliyekuja."

"Fundi!"

"Sasa mnataka niseme nini? Mmoja wenu alikuja, kaingia bila hodi, kavaa beseni mwenyewe. Akaniambia, Fundi, nipige upesi kabla sijakumbuka."

"Kabla hajakumbuka nini?"

"Mimi napiga picha, sipigi ramli."

Nilisikia sauti ile, kabla sijakumbuka, ikisemwa kwa koo langu. Nikamtazama Faki na nikaona na yeye anaisikia kwa koo lake.

"Fundi," nikasema, "pazia la kutua liko wapi?"

"La nini?"

"La kutua. La kurudi. Roketi imefika chini, mlango umefunguliwa, mtu anashuka. Tukimpiga na hilo, tukalitundika, si mambo yamekwisha? Aliyeondoka karudi, hata kama hatumjui nani."

Fundi Ngwali akacheka, kisha kicheko kikapungua, kikawa kama redio inayoishiwa betri.

"Nani aje kupiga picha ya kurudi?" akasema. "Anayerudi anataka chai."

"Lakini unalo?"

"Hakuna aliyewahi kuagiza."

Brashi ikadondosha tone la buluu kwenye kidole chake cha mguu na hakulifuta. Miaka yote hiyo. Mji mzima. Tumechora kuondoka kwa kila namna, kwa bawa, kwa puto, kwa waya, kwa moto, tumegombania rangi ya mawingu, tumefukuzana kwa sababu ya ukubwa wa mwezi, na hakuna mtu, hata mmoja, hata kwa mzaha, aliyesema: Fundi, na wa kushuka je?

"Chora sasa," akasema Faki.

"Sijui inakuwaje. Nitachora nini? Wewe umewahi kuona kitu kama hicho kikitua?"

Hatukuwa tumewahi.

Faki akasema tujaribu kiti. Atakayefiti ndiye. Wazo la kijinga, na tulilifuata mbio, kama tunavyofuata mawazo yote ya kijinga. Roketi ya Fundi ni pipa la mafuta lililokatwa ubavu na kupakwa rangi nyeupe, ndani kuna kiti cha gari bovu. Kiti chenyewe kina shimo katikati, kimechukua umbo la kila aliyekikalia. Akaanza Faki. Akakaa, akafiti kama yai kwenye kiota. Akatoka haraka. Nikaingia mimi.

Nilikaa, na nikafiti.

Sijui nieleze vipi. Sikuruka. Nilikuwa nahisi kutu ya pipa kwenye kiwiko, nilikuwa nasikia Fundi anakohoa. Lakini uzito ulinitoka, kuanzia miguuni, kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka, na nilipotazama mbele sikuona kamera, niliona bati la nyumba yetu kutoka juu. Niliona lile jiwe tulilowekea bati lisipeperuke. Niliona mama uani, ameinama, ungo magotini, anachagua mchele, anatupa chuya kwa kuku, na kutoka kule mkono wake ulikuwa mdogo kuliko punje. Nikaona Ukuta, na mbele yake vijana wawili wanagombana. Nikawaonea huruma. Nikajiuliza, kama hao wawili wako chini, mimi huku ni wa ngapi? Na nikaelewa kwa nini mtu yule anacheka. Ukiwa juu kila kitu ni kidogo kiasi cha kushikika, unadhani ukikunja ngumi utaubeba mji wote. Kisha unataka kumwonyesha mtu. Unageuka umwambie, tazama, tazama bati letu. Kiti ni cha mtu mmoja. Hapo kicheko kinabaki usoni peke yake, hakina pa kwenda. Nikangoja mama ainue kichwa. Hakuinua. Kwa nini ainue? Hakuna mtu chini anayetazama juu, si ndiyo adabu yetu? Nikataka kupiga kelele, na nikakumbuka kwamba hata mimi sikufundishwa kuita, nilifundishwa kunyamaza tu. Nani ananiona? Nani? Nilikuwa pale mwaka mzima. Nilikuwa pale kabla sijazaliwa. Mama alikuwa bado ana tumbo na mimi tayari nilikuwa juu ya bati...

"Toka! Shaame, toka!"

Faki alikuwa ananivuta mkono. Nikaanguka sakafuni.

"Ulikuwa unacheka," akasema. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Na wewe ulipokaa, uliona nini?"

"Bati," akasema. "Na lile jiwe."

Tukatoka, tukajikuta uwanjani. Sijui nani kati yetu aliamua kupita kule, miguu tu. Walikuwepo, wale walioko juu. Wamekaa kandokando ya njia ya kurukia, kila mtu na sanduku lake, wamevaa nguo za picha zao: koti la ndege, miwani ya puto, kofia ya jua ya gari la waya. Mchana kweupe. Hawakuwa na vidonda wala harufu. Walikuwa wasafi, na macho yao yalikuwa ya watu waliosikia kitu wakawa hawana hakika.

Karibu na lile fuko la upepo alikaa mmoja tuliyesoma naye. Alikuwa hodari wa kuiga sauti ya mwalimu mkuu. Tangu atundikwe hatujampa hata jicho. Faki akasimama mbele yake. Nikamvuta shati, akanipiga kofi mkononi.

"Wewe," akamwambia. Jina hakulitaja. "Huko juu kuna nini?"

Yule mtu akainua uso taratibu. Alichukua muda kutupata, kama redio inayotafuta stesheni.

"Picha nzuri," akasema.

"Na nini tena?"

"Picha nzuri sana."

"Kwa nini hushuki?"

Akafikiri. "Siku moja nilisikia mtu anaita," akasema. "Nikasimama. Nikashika na sanduku. Nikasema, ah, hatimaye. Nilikaribia kabisa kushuka, miguu ilishaanza kupata uzito. Kumbe alikuwa anamwita mbuzi."

Faki akacheka, halafu akashika mdomo.

"Wanasema tukiitwa tutaanguka," akasema yule mtu. "Si kweli. Tungetua. Kutua na kuanguka ni njia moja, tofauti ni kama chini kuna mtu." Akatutazama mmoja baada ya mwingine, na nadhani alituona kama mtu mmoja anayeonekana mara mbili. "Nyinyi mnanijua, eti? Nilikuwa naitwa nani?"

Nililijua. Ninalijua hata sasa. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, herufi chache tu, Mbaruku, jina jepesi, hata mtoto analitamka. Nami nikaziba mdomo kwa kiganja. Si kwa kupenda. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ule wa mama chini ya mnazi, na nilipogeuka nikaona mkono wa Faki umekwenda vilevile. Tukasimama mbele yake vijana wawili tumeziba midomo, na yeye akatikisa kichwa, kwa upole, kama mgeni aliyeambiwa chakula kimekwisha.

"Haidhuru," akasema. "Nitasikiliza tena."

Alasiri watu walikuja Ukutani na mikeka yao, na mabirika ya kahawa, na kashata. Barza ya Ijumaa ina raha yake, nisiseme uongo. Picha zinatolewa misumarini, zinapitishwa mkono kwa mkono, na mtu wa nyumba anasimama kusimulia. Alianza mama yake Mbaruku, mwanamke mwenye sauti ya asali iliyokaa sana.

"Mwanangu juzi kapita juu ya mlima wenye theluji," akasema. "Bawa limeota dhahabu kwa jua. Akatazama chini akaona kivuli cha ndege yake kinapanda mlima kwa magoti, na kukizunguka kivuli kile, pete ya upinde wa mvua!"

"Allah!" watu wakasema.

Ilikuwa nzuri kweli. Niliiona pete ile. Na nyuma ya mikeka, mahali ambapo hatutazami, nilimwona Mbaruku amesimama na sanduku lake, midomo inacheza, anamfuatisha mama yake neno kwa neno. Alipofika kwenye pete akatikisa kichwa, kidogo tu, kana kwamba mama kakosea rangi moja. Mama yake alikuwa hatua chache kutoka kwake. Angepeleka mkono nyuma angemgusa.

Akafuata mzee mmoja na habari za mkewe wa gari la waya, jinsi alivyoning'inia juu ya korongo akawaona ndege wanaruka chini yake, migongo yao, kitu ambacho sisi wa chini hatukioni. Watu wakapiga makofi. Kisha Bi Mkasi akagonga msumari wetu kwa nyundo, ti, ti.

"Nyumba ya pacha."

Mama akaja mbele. Mji mzima unamwita Mama Pacha. Ni mfupi, anatembea kama anayeharakisha kuondoa kitu motoni. Alikuwa amevibeba vikombe vyetu viwili, cheupe na cheupe, vinalingana kama sisi. Fundi Ngwali naye alikuwepo, pazia la roketi amelikunja begani, kamera shingoni na beseni kwapani, maana kila barza hakosekani mtu anayepandwa na hamu baada ya hadithi.

"Haya," akasema Bi Mkasi. "Nani?"

Nilifungua mdomo niseme yeye. Lakini Faki alinitangulia.

"Ni mimi," akasema.

Moyo wangu ukapata nafuu, nafuu ya kweli, kama mtu aliyetuliwa gunia, na palepale nikauchukia moyo ule kuliko kitu chochote nilichowahi kukichukia. Nikamwona keshokutwa amekaa kando ya fuko la upepo. Nikajiona nampita.

"Mwongo huyo," nikasema. "Ni mimi. Yeye hajawahi kupanda hata tangi."

"Usimsikilize, Bi Mkasi, huyu hata jana alikuwa..."

"...wewe ndiye uliyesema umeona bati..."

"...na wewe hukuliona?..."

Watu wakaanza kucheka. Bi Mkasi hakucheka.

"Asubuhi hakupanda mtu," akasema, "alasiri mmepanda wote. Mama Pacha, wewe umewazaa. Sema wewe. Mama anajua."

"Anajua nini?" akasema mama. "Hawa niliwanyonyesha gizani, nusu nimelala. Kuna siku nadhani nilimnyonyesha mmoja mara mbili na mwingine akalala na njaa. Mpaka leo sijui ni nani wa kumwomba radhi."

Akaisogelea picha. Akaitazama muda mrefu, uso karibu na uso, kama anayenusa maziwa kuona kama yamechacha. Nilingoja aseme. Faki alingoja, mkono wake umeushika wangu, na sikumbuki nani aliushika wa nani. Kisha mama akageuka akatukabidhi vikombe, kimoja kimoja.

"Shikeni. Kila mtu na chake. Msivivunje." Akamtazama Fundi Ngwali. "Lete hilo beseni."

"Mama Pacha..."

"Lete."

Alivua kandambili. Akajifunga kanga vizuri kiunoni. Akalivaa beseni juu ya mtandio, likakwama, akalisukuma kwa viganja viwili mpaka likaingia, na kutoka mle ndani sauti yake ikatoka nene, ya kisimani.

"Linabana masikio. Fungua pazia, Fundi."

"Mama!" tukasema. "Mama, si lazima..."

"Nani kasema lazima? Mnadhani nawaokoa? Watoto mna majivuno." Akakaa kwenye kigoda cha Bi Mkasi, mbele ya dunia ya buluu ambayo Fundi alikwisha kuikunjua, akarekebisha magoti. "Miaka yote nakaa hapa nasikiliza habari za mawingu kutoka kwa watu wanaoogopa ngazi. Nachagua mchele, naambiwa kuna mito inang'aa. Nataka nikaone."

"Msumari ni mmoja," akasema Bi Mkasi, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo.

"Basi mtoe huyo anayecheka, unitundike mimi."

Hakuna aliyesogea. Nyuma ya mikeka, wale walioko juu walikuwa wamekaribia, wote, na masanduku yao, na watu walikuwa wanajitahidi kutowaona, shingo zimekaza. Misumari ikaanza kumdondoka Bi Mkasi mdomoni, mmoja mmoja, vumbini. Fundi Ngwali akainua kamera. Mama akainua mkono. Nikadhani anaaga. Hakuwa anaaga, alikuwa anamsimamisha.

"Ngoja kwanza, Fundi," akasema, na akatugeukia mimi na Faki kwa lile dirisha la plastiki, pumzi yake imeliwekea ukungu kiasi kwamba tulibaki na macho yake tu. "Nikishafika huko, msiniachie kimya. Niiteni. Asubuhi na jioni, kwa sauti, mpaka nitue. Na si Mama Pacha. Niiteni jina langu. Anzeni sasa hivi, nisikie kama mnalijua."